Nafasi ya Diski Unapokompaili Programu Kubwa: Niliyojifunza Kazini

Mtu anayepakua programu iliyokwisha kuandaliwa hukutana na namba moja ya ukubwa, nayo inahusu kile kitakachobaki kwenye diski baada ya kusakinisha. Anayekompaili programu hiyohiyo, yaani anayeigeuza kutoka msimbo chanzo ulioandikwa na watu kuwa maelekezo ya mashine, anahitaji namba nyingine kabisa, yaani kiasi kikubwa zaidi cha nafasi kitakachoshikwa kwa wakati mmoja kabla kazi haijaisha. Namba hiyo, ambayo mimi huiita kilele, kwa vifurushi vikubwa huweza kuzidi ukubwa wa programu iliyosakinishwa mara kumi au zaidi. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kukompaili vifurushi vya aina hiyo, kuanzia kompaila zenyewe (programu zinazofanya ugeuzaji huo) na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, hadi vivinjari, kwenye mashine ambazo diski zake hazikuchaguliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Nilichokuja kukiamini ni kwamba kilele hakiamuliwi na wingi wa msimbo peke yake. Sehemu yake kubwa hutokana na machaguo ambayo anayekompaili huyafanya, au huyakubali bila kuyatazama, kabla amri ya kwanza haijaanza kazi.

Chukua kerneli ya Linux, kwa kuwa ni msimbo ambao wengi wameugusa. Faili yake iliyobanwa haifiki MB 200, lakini ikifunguliwa hushika zaidi ya GB 1, na mtu akiipata kwa git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, pamoja na historia yote ya mabadiliko tangu mwaka 2005, huongeza GB nyingine kadhaa juu ya hapo. Kompaila ikianza kazi, kila faili ya msimbo inayohusika huzaa faili ya .o, yaani zao la kati la kompaila, faili hizo hukusanywa na kuunganishwa kuwa moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa pale vinapohitajika) na kerneli kamili, na mazao ya kila hatua hubaki palepale yalipozaliwa, kwa sababu make, chombo kinachoendesha hatua za ujenzi, huyatazama ili kujua kipi kimekwisha na kipi bado. Msimamizi wa vifurushi naye huongeza nakala zake: programu husakinishwa kwanza katika folda ya kuigiza mfumo, kisha folda hiyo hubanwa kuwa kifurushi, kisha kifurushi hufunguliwa kwenye mfumo wenyewe. Kwa dakika chache za mwisho programu ileile huwa ipo kwenye diski mara nne, na dakika hizo chache ndizo zinazoamua kama kazi itafika mwisho.

Baadhi ya miradi mikubwa hutaja mahitaji yake waziwazi, na nimejizoeza kuyasoma kabla ya kupakua chochote. Chromium, msimbo ambao kivinjari cha Chrome hutokana nao, inadai angalau GB 100 za nafasi tupu. Mradi wa Android unadai angalau GB 400, na unaeleza mgawanyo wake: 250 za kupakua msimbo na 150 za ujenzi. LLVM, mkusanyiko wa vyombo vya kutengenezea kompaila, inasema kwamba ujenzi kamili pamoja na Clang, kompaila yake ya C na C++, ukiwa na taarifa za utatuzi, huhitaji kati ya GB 15 na 20. Linux From Scratch, mwongozo wa kujenga mfumo mzima kwa mkono, huandika kwenye kila kifurushi nafasi kinachohitaji na muda wa ujenzi wake, jambo ambalo ningetamani kila mradi ungeliiga. Katika hizi zote, naipenda zaidi namna ya Android, kwa sababu namba iliyogawanywa inamwambia mtu wapi anaweza kupunguza na wapi hawezi. Namba moja tupu kama ya Chromium inakuachia ukadirie mwenyewe ni kiasi gani ni historia ya git, ambayo unaweza kuikwepa kwa kupakua bila historia, na ni kiasi gani ni ujenzi.

Hata hivyo namba hizo hudhania mipangilio fulani, na ukibadilisha chaguo moja tu huenda zisikuhusu tena. Chaguo lenye uzito kuliko yote, kwa uzoefu wangu, ni taarifa za utatuzi, yaani yale maelezo ambayo kompaila huyaambatisha kwenye programu ili mtaalamu anayetafuta hitilafu aweze kuoanisha maelekezo ya mashine na mistari ya msimbo, majina ya vigezo na maumbo ya data. Huwashwa kwa herufi mbili tu, -g, na mara nyingi aliyeziwasha si wewe bali ni mwandishi wa mradi katika mipangilio ya kawaida.

Siku moja nilikuwa ninajenga LLVM kwenye mashine ya mtu mwingine, ikiwa na nafasi ambayo kwa macho ilionekana ya kutosha, na ujenzi ukasimama ukiwa umebakiza sehemu ndogo sana, kwenye hatua ya kuunganisha. Kabla ya kufuta chochote nilichagua faili moja ya .o ya ukubwa wa kati na kuipitisha kwenye amri ya size -A, ambayo huorodhesha sehemu za faili na ukubwa wa kila moja. Sehemu ya .text, yaani maelekezo halisi ambayo prosesa itayatekeleza, ilikuwa ndogo; zilizofuata chini yake, .debug_info, .debug_str, .debug_line na nduguze, ndizo zilizobeba karibu faili yote. Ukiliona jambo hilo kwenye faili moja, hesabu ya folda nzima haihitaji tena ufafanuzi.

Sababu yake katika C++ inaeleweka vizuri. Kila faili ya msimbo hualika faili nyingi za vichwa, na kompaila, ambayo hushughulikia faili moja bila kujua habari za nyingine, huandika upya maelezo ya kila umbo la data linalotumika humo. Umbo moja linalotumika katika faili elfu moja huelezwa mara elfu moja. Kiunganishi, yaani programu inayounganisha faili za .o kuwa programu moja, huweza kuunganisha maneno yanayojirudia, lakini maelezo ya maumbo yenyewe kwa kawaida huyabeba yalivyo. LLVM huongeza tatizo jingine juu ya hilo: maktaba zake huingizwa nzima ndani ya kila chombo kinachozitumia, na vyombo hivyo ni vingi, hivyo mzigo uleule wa taarifa za utatuzi hunakiliwa ndani ya opt, ndani ya llc, ndani ya clang, na kuendelea. Hiyo ndiyo maana diski huonekana kutulia kwa muda mrefu wakati wa kukompaili, kisha ikajaa ghafla hatua ya kuunganisha inapoanza. Nyaraka za LLVM zenyewe zinakiri kwamba mambo hayo mawili ndiyo chanzo cha ukubwa wake.

Dawa zipo za viwango mbalimbali. Ya kwanza ni kujiuliza kama unazihitaji taarifa hizo kweli. Anayekompaili ili atumie programu, wala si ili aichunguze, achague ujenzi wa Release, usio na taarifa hizo, na nafasi itakayohitajika itapungua sana. Anayehitaji tu kujua programu ilianguka katika kazi ipi (function, yaani kipande cha msimbo chenye jina lake) na mstari upi anaweza kutumia -g1, ambayo huacha majina ya kazi na namba za mistari na kuyatupa maelezo ya vigezo vya ndani. Chromium ina chaguo lake la namna hiyo, symbol_level, ambalo huanzia 0 hadi 2. Anayehitaji kila kitu anaweza kuzitenga taarifa hizo katika faili za .dwo zinazobaki pembeni ya faili za .o, ili zisinakiliwe tena ndani ya kila programu. Katika LLVM chaguo hilo huitwa LLVM_USE_SPLIT_DWARF. Kuzibana kwa -gz nako kunasaidia, ingawa prosesa ndiyo inayolipa gharama. Katika LLVM huwa ninaongeza pia LLVM_TARGETS_TO_BUILD na kutaja aina ya prosesa ninayoihitaji peke yake, kwa maana sioni faida ya kujenga sehemu inayozalisha maelekezo ya prosesa ambayo sitaigusa kamwe.

Kuna dawa moja ambayo watu huitaja haraka na ambayo haitibu ugonjwa huu, nayo ni strip. Ni kweli kwamba strip huondoa taarifa za utatuzi na kuifanya programu kuwa ndogo, lakini hufanya hivyo baada ya programu kuwa imekwisha kuunganishwa, yaani baada ya kilele kupita. Inapunguza kile kinachobaki na haipunguzi hata baiti moja ya kile kilichohitajika ili kufika pale. Nimeona kifurushi kikiwa na strip katika hatua ya mwisho ya usakinishaji, na mwenye nacho akishangaa kwamba programu ya MB chache inashindwa kujengwa kwenye patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) yenye GB nyingi.

Kwenye kerneli, strip ina umuhimu wake wa pekee. Mipangilio ya kerneli inayonakiliwa kutoka kwenye usambazaji mkubwa wa Linux kwa kawaida huja na taarifa za utatuzi zikiwa zimewashwa, na huja na moduli za vifaa maelfu ambavyo mashine yako haina. Amri ya make localmodconfig huzipunguza moduli hadi zile zinazotumika wakati huo, na ujenzi huwa mdogo na wa haraka zaidi, mradi tu vifaa vyote unavyovitegemea viwe vimechomekwa wakati unaiendesha. Ukisakinisha moduli bila INSTALL_MOD_STRIP=1, ambayo huagiza strip ipitishwe kwenye moduli, folda ya /lib/modules huvimba; na kwa kuwa faili ya initramfs, inayotumika mashine inapowaka, hutengenezwa kwa kunakili baadhi ya moduli hizo, nayo huvimba vilevile. Faili hiyo huishia katika /boot, ambayo kwenye mashine nyingi ni patisheni ndogo ya pekee yake. Matokeo yake ni kwamba ujenzi mzima hufaulu, moduli husakinishwa, kisha kazi hukwama kwenye hatua ya mwisho kabisa kwa kukosa MB mia chache mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapaangalia. Wanaotumia BPF, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli, kwa namna inayotegemea BTF (maelezo mafupi ya maumbo ya data ya kerneli) hawawezi kuzizima kabisa taarifa za utatuzi, kwa sababu BTF huzalishwa kutokana na hizo. Kwao kilele ni lazima kiwe kikubwa, na INSTALL_MOD_STRIP ndiyo inayookoa /boot.

GCC ina tabia yake. Kompaila hiyo hujijenga mara tatu: mara ya kwanza kwa kompaila iliyopo kwenye mashine, mara ya pili kwa ile iliyotoka mara ya kwanza, na mara ya tatu kwa ile iliyotoka mara ya pili, kisha mazao ya mara ya pili na ya tatu hulinganishwa ili kuhakikisha kwamba yanafanana. Ni utaratibu mzuri wa kujikagua, lakini huacha folda za hatua zote tatu zikiwa zimejaa. Kuna lengo la make liitwalo bootstrap-lean, ambalo hufuta mazao ya hatua iliyopita mara tu yanapokuwa hayahitajiki tena, na nadhani ni miongoni mwa machaguo yasiyotumika inavyostahili. Ukaguzi unabaki uleule na nafasi inapungua. Kuzima hatua hizo kabisa kwa --disable-bootstrap ni jambo ninalolifanya pale tu ninapokuwa na kompaila ninayoiamini na ya toleo la karibu.

Mpaka hapa nimezungumzia folda ya ujenzi, kana kwamba ndiyo mahali pekee panapojaa. Sivyo. GCC, isipoelekezwa vinginevyo, huandika faili za muda za lugha ya asembli (maelekezo ya mashine yakiwa bado katika maandishi) katika /tmp, na siku hizi /tmp katika mifumo mingi haiko kwenye diski bali ndani ya RAM, kwa kikomo ambacho systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, hukiweka kuwa nusu ya RAM yote. Fedora imekuwa hivyo tangu toleo la 18, na Debian imefuata katika toleo la 13. Mashine yenye RAM ya GB 8 itakuwa na /tmp ya GB 4, na kila GB inayotumika humo ni GB ambayo kompaila yenyewe imenyimwa.

Kwa kazi za kawaida hilo halisumbui, kwa kuwa faili hizo ni ndogo na hufutwa mara moja. Husumbua pale unapowasha uboreshaji wa wakati wa kuunganisha, yaani -flto, ambapo hatua ya kuunganisha huigawa programu nzima katika mafungu, huandika mafungu hayo kama faili za muda zenye ltrans katika majina yake, kisha huyakompaili kwa pamoja. Nimewahi kuitwa kutazama ujenzi uliokuwa unakufa kwa ujumbe kwamba kifaa hakina nafasi iliyobaki, huku df, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki, ikionyesha kwamba folda ya ujenzi ina makumi ya GB tupu. Aliyeniita alikuwa amekwisha kuongeza nafasi, tena kwa shida, na ujenzi ukafa palepale. Jibu lilikuwa ndani ya ujumbe wenyewe, ambao ulitaja njia ya faili iliyoshindwa kuandikwa, na njia hiyo ilianza na /tmp. Tulielekeza TMPDIR, kigezo cha mazingira kinachotaja mahali pa faili za muda, kwenye folda iliyo kwenye diski halisi, na kazi ikaendelea. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa yeyote anayelalamika kwamba diski imejaa ni hili: faili gani, na iko kwenye mfumo upi wa faili? Kwa faili za asembli chaguo la -pipe linatosha, kwa kuwa huzipitisha moja kwa moja kwa asembla bila kuziandika popote. Kwa zile za ltrans, TMPDIR ndiyo tiba.

Wapo wanaolipenda jambo hilohilo kwa upande wake wa pili, na hujenga kila kitu ndani ya RAM kwa makusudi ili kuipunguzia diski maandishi. Watumiaji wengi wa Gentoo, usambazaji wa Linux ambao vifurushi vyake kwa kawaida hukompailiwa na mtumiaji mwenyewe, hupachika folda ya ujenzi, /var/tmp/portage, kwa namna hiyo. Ni sawa kwa vifurushi vidogo, ambavyo ndivyo vingi, lakini LibreOffice, Chromium na kompaila ya Rust hazitaingia kwenye RAM ya kawaida, na kwa hizo inabidi kuweka mpangilio wa pekee, kifurushi kwa kifurushi, unaozirudisha kwenye diski. Gentoo ina jambo jingine zuri: vifurushi vikubwa hukagua nafasi kabla ya kuanza na kukataa kuendelea kama haitoshi. Wengi huuona ukaguzi huo kuwa kero. Mimi ningependelea kukataliwa mwanzoni kuliko saa sita baadaye.

Mara nyingine df hukuonyesha nafasi na bado mfumo unakataa kuandika, na hapo kuna mambo ya kukagua kwa haraka. La kwanza ni inodi, yaani rekodi ambayo kila faili huhitaji moja. Mfumo wa faili wa ext4 hupangiwa idadi ya inodi siku unapoundwa, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384, kwa hiyo patisheni ya GB 20 huwa na takriban milioni 1.3, na idadi hiyo haiongezeki mpaka patisheni yenyewe iongezwe. Miti mikubwa ya msimbo yenye faili ndogondogo nyingi, hasa ikiwa katika nakala kadhaa, huweza kuzimaliza huku nusu ya nafasi ikiwa bado tupu. Amri ya df -i hulifichua hilo mara moja. Faili ndogo zina gharama nyingine pia, kwa sababu faili ya baiti 10 hushika bloku nzima ya baiti 4,096, na ndiyo maana du, amri inayopima nafasi iliyoshikwa, na du --apparent-size, inayohesabu baiti zilizomo tu, hutofautiana sana kwenye folda za aina hiyo. La pili ni akiba ya msimamizi: ext4 humtengea asilimia 5 ya patisheni, ambayo kwenye GB 500 ni GB 25. Kwenye patisheni ya ujenzi peke yake akiba hiyo haina kazi, nami huipunguza kwa tune2fs -m. Kwenye patisheni ya mfumo siigusi. La tatu ni faili zilizofutwa lakini bado zimeshikwa na programu inayoendelea, ambazo lsof +L1 huzionyesha, na katika btrfs, mfumo mwingine wa faili, ni snapshoti za zamani (picha za hali ya faili ya wakati fulani), ambazo huendelea kuishikilia kila faili uliyodhani umeifuta.

Kuhusu kashe nina maoni yasiyopendwa na wenzangu wote. ccache, inayohifadhi mazao ya kompaila ili yatumike tena, huokoa muda mwingi pale unapokompaili msimbo uleule mara kwa mara, na kikomo chake cha awali cha GB 5 ni cha adabu. Lakini kikomo hicho ni kidogo kwa mradi kama Chromium, na ukikiongeza hadi kiwango kinachofaa unakuwa umeongeza gharama ya kudumu kwenye diski, si ya kilele tu. Kwa kifurushi ninachokijenga mara moja kila baada ya miezi mingi sikitumii, kwa kuwa ikifika zamu yake tena, toleo la kompaila litakuwa limebadilika na kila kilichohifadhiwa kitakuwa takataka. Folda ya target, inayokusanya mazao ya ujenzi katika miradi ya lugha ya Rust, ni hatari zaidi kwa sababu haina kikomo chochote. Mazao ya matoleo ya zamani ya maktaba hubaki humo mpaka mtu aendeshe cargo clean, amri ya kuyafuta. Nako kwenye kontena, ambazo taswira zake hujengwa tabaka juu ya tabaka, faili zinazofutwa katika tabaka la baadaye hazipunguzi lolote, kwa kuwa tabaka la chini bado linazo. Ama ujenzi na usafi vifanyike ndani ya hatua moja, ama ujenzi ufanyike katika taswira moja na mazao yahamishiwe katika nyingine.

Kwa kifurushi ambacho hakijatajiwa mahitaji yake, nimeacha kukisia na nimeanza kupima. Kupima kwa du baada ya kazi kuisha hakusaidii, kwa kuwa faili za muda zimekwisha kufutwa na kilele hakionekani tena. Ninachofanya ni kuendesha pembeni skripti fupi inayoandika matokeo ya df kila baada ya sekunde chache, kwa mfumo wa faili wa ujenzi na kwa /tmp, pamoja na saa. Ukiziweka namba hizo pembeni ya logi ya ujenzi, unaona wazi hatua ipi iliyopandisha matumizi na kwa kiasi gani, na mara nyingi unagundua kwamba ni hatua moja tu, ile ya kuunganisha. Hapo kupunguza idadi ya viunganishi vinavyofanya kazi kwa pamoja, kama LLVM inavyoruhusu kwa LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS, husaidia RAM na faili za muda, lakini hakupunguzi jumla ya kile kitakachobaki kwenye folda. Tofauti hiyo inafaa kukumbukwa na anayedhani kwamba -j1, yaani kufanya kazi moja moja, hutibu kila kitu.

Folda ya ujenzi siichanganyi na msimbo. Kerneli huruhusu hilo kwa chaguo la O=, na CMake na Meson, vyombo vya kupanga ujenzi, huishi kwa utaratibu huo. Faida yake ni kwamba usafi huwa ni kufuta folda moja bila kutegemea make clean, ambayo katika miradi fulani huacha mabaki mengi. Na inapowezekana folda hiyo huiweka kwenye patisheni yake yenyewe, kwa sababu ujenzi unaojaza mfumo mkuu wa faili hauanguki peke yake: hifadhidata hushindwa kuandika, logi hukatika, na watumiaji wengine wa mashine hiyo wanapoteza kazi ambayo haikuhusiana na ujenzi wako hata kidogo.

Diski ikijaa licha ya yote hayo, linalofuata linahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Kompaila nyingi hufuta faili waliyoshindwa kuikamilisha, lakini si kila chombo katika mnyororo hufanya hivyo, na make huamini tarehe ya faili bila kutazama yaliyomo. Faili tupu au iliyokatika katikati, ikiwa na tarehe mpya, itahesabiwa kuwa imekwisha, na kosa litajitokeza baadaye kwenye kuunganisha kwa maneno yasiyotaja diski kabisa, kama vile faili imekatika au aina yake haitambuliki. Kiunganishi kinachoandika zao lake kwa kuliweka kwenye RAM kupitia mmap huweza hata kufa kwa kosa la basi (bus error, SIGBUS), na mtu akaanza kushuku vipande vya RAM. Kwa hiyo kwanza ninatafuta kwa find faili zote za .o na .a zenye ukubwa wa sifuri na kuzifuta, kisha ninafuta zile zilizoandikwa katika dakika za mwisho kabla ya kusimama, kwa kufuata saa iliyo kwenye rekodi ya df. Ndipo ninapoongeza nafasi au kupunguza taarifa za utatuzi. Nikiongeza nafasi, ninaendesha amri ileile na ujenzi unaendelea pale ulipoishia. Nikigusa machaguo ya kompaila, faili zote za .o zinajengwa upya, na folda ya zamani ni afadhali ifutwe kabla ya kuanza, kwa sababu GB zake zitahitajika.